Somo: Kumtambua ndege mgeni wa kiuno cheupe, Lindi na Mtwara

Wadau, msimu ndio huu. Oktoba hadi Machi ndege wageni wa kaskazini wako Afrika Mashariki, na mmoja wao, huyu wa kiuno cheupe, kwa jina la kisayansi Oenanthe oenanthe, ni adimu huku kwetu kusini. Ana gramu 25 hivi tu, lakini wale wa Alaska waliofungwa vifaa vya kufuatilia safari walibainika kuja hadi Afrika Mashariki, kama kilomita 14,500 kwa safari ya upande mmoja. Kwa hiyo ukimwona Lindi usiulize kafikaje, uliza kama kweli ni yeye.

Hatua ya 1. Usihangaike vichakani wala chini ya mikorosho. Tafuta ardhi tupu: kingo za mashamba ya chumvi, uwanja wa mpira, mbuga iliyoungua. Hukimbia kidogo, husimama wima juu ya kichuguu, hutikisa mkia, kisha huyoo, kamfuata mdudu.

Hatua ya 2. Rangi isikuchanganye. Akifika kwetu mgongo ni kahawia, kifua ni rangi ya chai ya maziwa, na juu ya jicho pana mstari mweupe.

Hatua ya 3, na hapa ndipo penye somo: subiri aruke. Kiuno ni cheupe pee. Ncha ya mkia ina ukanda mweusi, na katikati unapanda mstari mweusi, kama T iliyopinduliwa. Pima ukanda huo kwa jicho. Mwembamba? Ni yeye. Ukiwa mpana, karibu nusu ya mkia, shuku ndugu yake Oenanthe isabellina, mwenye rangi ya mchanga mwili mzima na miguu mirefu. Tazama na chini ya bawa: la isabellina ni jeupe-jeupe, la oenanthe limefifia kijivu.

Hatua ya 4. Mwondoe Oenanthe pileata, Mwafrika mwenzetu. Mkubwa ana ukanda mweusi tii kifuani, huwezi kumkosea. Mtihani ni kinda: kifua kina madoadoa na kivuli cha ukanda, na mkia karibu wote ni mweusi. Binafsi sikubali taarifa isiyogusia mkia, hata iletwe na mkongwe.

MASWALI

Swali: Mwalimu, huku Masasi kuna mmoja mwaka mzima kwenye mawe, kiuno chekundu kama kutu, hachoki kuchezesha mabawa.
Jibu: Huyo ni mkazi, Oenanthe familiaris. Kiuno cha kutu kinatosha kumtoa.

Swali: Nilimwona Mikindani mwezi Juni, kiuno cheupe kabisa.
Jibu: Ndugu yangu, Juni yuko kwao analea makinda. Rudia hatua ya 4.

Swali: Sina kamera, nina simu na darubini tu.
Jibu: Bana simu kwenye kioo cha darubini, rekodi video kabla hajaruka, usizime. Baadaye isimamishe pale mkia ulipofunguka. Ikiwa na ukungu si neno, mradi ukanda unaonekana.