Jinsi ya Kulinganisha Magwiji wa Mpira wa Kikapu wa Enzi Mbalimbali na Kiu Yao ya Ushindi

Fainali za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, hutufikia Mombasa kuanzia saa tisa na nusu za usiku, na kwa hivyo ubishi wake ni wa asubuhi, watu wakiwa hawajalala vizuri na mahamri wameyashika mkononi. Ubishi wenyewe haubadiliki sana. Mmoja atasema Michael Jordan na hatasikia la mtu. Kijana aliyezaliwa baada ya Jordan kuondoka timu ya Chicago atasema LeBron James. Na mzee wa baraza, ambaye aghalabu hunyamaza mpaka kahawa ya pili, atamtaja Bill Russell, aliyecheza mechi yake ya mwisho mwaka 1969. Hawapatani kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe. Anayetaka kulinganisha kwa haki sharti aanze kwa kutenganisha maswali matatu: nani aliwapita wenzake wa wakati wake kwa umbali mkubwa zaidi, nani alitwaa mataji mengi zaidi, na nani alikuwa na kiu kali zaidi ya ushindi. Jibu la swali moja si lazima liwe jibu la lingine, na mwongozo huu utakaa zaidi kwenye la tatu, kwa kuwa ndilo linalosemwa ovyo zaidi.

Hata hivyo, hesabu haziwezi kurukwa. Huwezi kuwapima manahodha wawili waliokwenda Lamu kwa siku walizotumia baharini bila kuuliza nani alisukumwa na kusi na nani alipambana na kaskazi. Katika mpira wa kikapu, pepo hizo ni kasi ya mchezo na sheria za wakati husika. Chukua misimu mitatu ya wafungaji wakubwa: Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mechi msimu wa 1961-62, Jordan 37.1 msimu wa 1986-87, na Kobe Bryant 35.4 msimu wa 2005-06. Sasa tafuta wastani wa pointi ambazo timu moja ilifunga kwa mechi katika ligi nzima msimu huo. Utapata takriban 119, 110 na 97. Ukigawanya, Chamberlain anabaki na asilimia 42, Jordan 34 na Kobe 36. Chamberlain bado yuko mbele, lakini Jordan na Kobe wamebadilishana nafasi, jambo ambalo wastani wa kawaida ulikuwa umelificha. Kisha tazama dakika. Mechi ina dakika 48, na Chamberlain msimu ule alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa sababu ya muda wa nyongeza, ilhali Jordan alicheza dakika 40. Ukiwapa wote dakika 48, pengo la pointi 13 linashuka hadi kama pointi tano na nusu. Ni hesabu ya kalamu na karatasi, na yeyote anayekataa kuifanya hana haki ya kupaza sauti.

Ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya kukosa kikapu, zinahitaji tahadhari hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 timu zilirusha mipira mingi zaidi na kukosa mingi zaidi, na kila mpira uliokosa ulikuwa ribaundi ya mtu. Wastani wa Oscar Robertson wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na pasi za kufungisha 11.4 msimu wa 1961-62 ulikuwa kazi kubwa, lakini ule wa Russell Westbrook wa 31.6, 10.7 na 10.4 msimu wa 2016-17 ulipatikana katika ligi ambayo mipira ya kugombaniwa ilikuwa michache zaidi.

Sheria nazo zina tarehe, na tarehe hizo zafaa kukaririwa. Saa ya sekunde 24, inayoilazimisha timu kurusha mpira kabla ya muda huo kwisha, iliingia mwaka 1954. Mstari wa pointi 3 ulianza msimu wa 1979-80, kwa hivyo Jerry West, aliyestaafu mwaka 1974, hakupata hata pointi moja ya ziada kwa mipira aliyoirusha kutoka mbali. Larry Bird aliukuta mstari huo tangu siku yake ya kwanza, na katika maisha yake yote ya ligi alifunga mitupo 649 ya pointi 3. Stephen Curry alifunga 402 katika msimu mmoja wa 2015-16. Hakuna mwenye akili atakayesema Bird hakujua kulenga. Makocha wa wakati wake waliuona mtupo ule kuwa bahati nasibu, na hawakuwafundisha wachezaji kuutegemea. Bloki, yaani mitupo iliyozuiwa, na mipira ya kupokonya hazikuandikwa rasmi kabla ya msimu wa 1973-74, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya Russell, ambaye alikuwa mlinzi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, haimo katika daftari lolote. Usisome nafasi tupu kama sifuri.

Kuhusu mataji nitasema kwa ufupi. Russell ana 11 katika misimu 13, Jordan 6, Kareem Abdul-Jabbar 6, Magic Johnson 5, LeBron 4. Russell alipoingia mwaka 1956 ligi ilikuwa na timu 8, na alipoondoka zilikuwa 14. Leo ni 30. Wengine hulitumia hilo kumpunguzia, wakisahau kwamba timu chache humaanisha vipaji vyote vimebanwa mahali pamoja, na kwamba kuanzia 1959 alikutana na Chamberlain tena na tena kila msimu.

Sasa tuje kwenye kiu yenyewe. Kosa la kawaida ni kuipima kwa uso uliokunjwa na kwa hadithi zilizosimuliwa baada ya ushindi. Aliyeshinda husimuliwa kuwa alitaka sana, na aliyeshindwa husimuliwa kuwa hakutaka vya kutosha, ilhali huenda aliyeshindwa alikuwa na wenzake dhaifu tu. Dawa ya kosa hilo ni Jerry West. Alifika fainali mara 9 akashindwa 8, na taji lake pekee ni la mwaka 1972. Katika mechi ya saba, ile ya kuamua, ya fainali za 1969, alifunga pointi 42, akachukua ribaundi 13 na kutoa pasi za kufungisha 12, timu yake ya Lakers ikapoteza. Akachaguliwa mchezaji bora wa fainali akiwa upande wa walioshindwa. Kigezo chochote cha kiu ya ushindi kinachomtupa nje West ni kigezo kibovu, na kinafaa kuachwa.

Kigezo ninachopendekeza ni hiki: tafuta mahali ambapo mchezaji alilipa gharama ambayo hakulazimika kuilipa, na uone kama aliendelea kuilipa. Mfano ulio karibu nasi zaidi, na ambao kwa maoni yangu haupewi uzito unaostahili, ni Hakeem Olajuwon wa Lagos, aliyekuwa golikipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kushika mpira wa kikapu. Alifunga Ramadhani huku akicheza mechi za NBA. Msomaji wa Mombasa anajua maana ya jambo hilo kuliko watangazaji wengi wa Marekani: anajua saa ya alasiri ulimi unapokauka, na anajua mwili unavyotaka kuketi tu mpaka adhana ya magharibi. Mwezi wa Februari 1995 uliangukia Ramadhani, na Olajuwon akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwezi huo. Miezi michache baadaye, timu yake ya Houston, iliyoingia katika mechi za mtoano ikiwa ya sita upande wa Magharibi, ilikutana na San Antonio ya David Robinson, aliyekuwa amechaguliwa mchezaji bora wa msimu na kukabidhiwa tuzo hiyo wakati wa mfululizo huohuo. Olajuwon alifunga wastani wa pointi 35 katika mfululizo ule, Houston ikapita, kisha ikaifunga Orlando ya Shaquille O'Neal mechi 4 kwa 0 na kutetea taji lake.

Ukimtazama Jordan kwa kigezo hicho, usianze na mechi ya Juni 1997 kule Utah, alipofunga pointi 38 akiwa mgonjwa, maana hiyo imekuwa ngano na kila mtu anaijua. Anza na kipindi cha 1988 hadi 1990, Chicago ilipotolewa na Detroit miaka mitatu mfululizo, Jordan akipigwa na kuangushwa kila alipoingia chini ya kikapu. Alijenga mwili wake kwa mazoezi ya uzito, akakubali mfumo wa kocha Phil Jackson uliomtaka aukabidhi mpira kwa wenzake, na mwaka 1991 Detroit ikafungwa 4 kwa 0. Kwa mtu aliyezoea kuongoza ligi kwa ufungaji, kuuachia mpira ndiyo gharama. Ngumi aliyompiga mwenzake Steve Kerr mazoezini mwaka 1995, ambayo mashabiki hupenda kuisimulia kama ushahidi wa ari, mimi siihesabu: hasira si gharama kwa mwenye nayo, ni gharama kwa wengine.

Umri nao ni ushahidi. Kareem alicheza misimu 20 na kuondoka akiwa na miaka 42 na pointi 38,387. LeBron aliipita rekodi hiyo tarehe 7 Februari 2023, na alitimiza miaka 40 akiwa bado uwanjani. Kuamka na kuulea mwili kila siku kwa zaidi ya miongo miwili, mtu akiwa tayari na mali na mataji, ni kiu ambayo haipigi kelele. Nikola Jokic wa Denver naye huwachanganya wengi. Baada ya kutwaa ubingwa mwaka 2023 alionekana kama fundi aliyemaliza zamu yake na kutaka kwenda nyumbani. Lakini timu zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2014 alichaguliwa wa 41, na tangu hapo amekuwa mchezaji bora wa msimu mara tatu; anayemwita mvivu anautazama uso wake badala ya miguu yake.

Jicho la kuona mambo haya hupatikana kwa mazoezi, na mazoezi hayo hayahitaji televisheni. Nenda ukumbi wa Makande timu ya KPA, ya Mamlaka ya Bandari Kenya, inapocheza, na kwa dakika tano usiufuate mpira. Chagua mchezaji mmoja umfuate yeye. Tazama anafanya nini mara tu baada ya kunyang'anywa mpira: kama anamlalamikia mwamuzi, au amekwisha geuka na kukimbilia kikapu chake. Tazama kama anamziba mpinzani kwa mgongo wakati mpira uko hewani, kazi ambayo haiandikwi popote. Ukirudi kwenye video za zamani, fanya vivyo hivyo kwa Russell, na utaona mtu anayerudi nyuma kila mara kana kwamba matokeo ni sare.

Unapotoa hukumu yako barazani, itaje pamoja na kigezo chake, ili anayekupinga ajue apinge kipi. Yangu ni hii: kwa umbali aliowapita wenzake katika kufunga, Chamberlain; kwa jumla ya mchezo, Jordan, kwa tofauti ndogo mbele ya LeBron; kwa kiu ya ushindi, Russell. Alikuwa akitapika kwa wasiwasi kabla ya mechi kubwa hata baada ya kuwa na mataji mengi, alicheza mechi za saba 10 akashinda zote, na mataji mawili ya mwisho aliyachukua akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Wastani wake wa pointi kwa mechi ulikuwa 15.1 tu.