Hadithi Fupi ya Vijana wa Miaka 11 Hadi 14: Tunaiona kwa Jicho la Nani?

Msomaji wa miaka 12 akifungua hadithi anatafuta upande wa kusimama. Mwonyeshe tukio kwa macho ya mhusika mmoja, naye atahamia kwake papo hapo na kumtetea hata akikosea. Ndiyo maana naamua nani asimulie kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Liandike tukio likiwa halina jicho la mtu

Sentensi chache tu. Tutumie hili: Neema na Rehema wamefanya mtihani wa hesabu wakiwa dawati moja. Mwalimu amekuta kosa lilelile kwenye karatasi zote mbili, akawaita. Rehema ndiye aliyeangalizia.

Hatua ya 2: Nani hajui nini?

Rehema anajua kila kitu. Neema hajashuku chochote. Mwalimu ameona kosa, ila hajui mkosaji. Hadithi yako imo ndani ya mapengo hayo, basi yaandike pembeni uyaone.

Hatua ya 3: Lisimulie mara tatu

Rehema, nafsi ya kwanza:

"Mwalimu aliziweka karatasi mbili mezani. Sikuzitazama. Nilitazama viatu vya Neema, kamba ya kushoto imelegea, nikawa naomba ainame aifunge ili asiuone uso wangu."

Neema, nafsi ya kwanza:

"Mwalimu aliziweka karatasi mbili mezani. Swali la saba langu, swali la saba la Rehema. Hata kukosea tunakosea pamoja! Nikamgeukia tucheke wote. Alikuwa anatazama viatu vyangu."

Msimulizi maizi (anayejua yaliyomo vichwani mwa wote), nafsi ya tatu:

"Mwalimu alijua mmoja wao ameangalizia, asijue yupi. Neema aliona kichekesho. Rehema alitamani ardhi ipasuke."

Tukio ni moja, ila msomaji anabadilika. Kwa Rehema, anakuwa mshirika wa siri na moyo unamdunda. Kwa Neema, anang'amua jambo kabla ya msimulizi mwenyewe, na kwa umri huu hiyo ni raha kubwa: anagundua kwamba anayesimulia anaweza kuwa mkweli na bado akawa amekosea. Msimulizi maizi anawatendea wote haki, lakini ameshatoa siri zote katika mistari mitatu. Namtumia hadithi ikiwa na wahusika wengi. Nafsi ya pili ("unaingia, unaketi") huchosha haraka; ijaribu kwa nusu ukurasa, kisha uamue.

Hapa ningemchagua Neema. Ukimchagua Rehema, usimfiche msomaji kile ambacho Rehema anakijua. Niliwahi kuficha siri ya namna hiyo hadi mwisho. Msomaji wangu wa kwanza alirudi kurasa za nyuma, akasoma tena, kisha akaniambia: "Lakini alikuwa anajua." Nikaiandika upya yote.

Hatua ya 4: Lilinde jicho neno kwa neno

Kiswahili kina maneno madogo yanayofichua aliposimama msimulizi. "Kumbe" ni la anayegundua sasa hivi: Neema anaweza kusema "kumbe aliangalizia", Rehema hawezi. "Eti hakuona kitu" inaonyesha kwamba anayesimulia hasadiki, kwa hiyo msimulizi asiyeshuku asilitumie. Ukiandika "mwalimu akaja dirishani", umemweka msimulizi dirishani. Ikiwa yuko mlangoni, andika "akaenda". Na asijione uso wake mwenyewe: badala ya "uso wangu ulibadilika", andika "masikio yangu yalipata moto".

Nafsi ya tatu ina mtego wake. Soma: "Rehema alimtazama Neema. Alijua amemkosea." Nani alijua? Kiambishi a- kinawabeba wote wawili, na msomaji mchanga akipotea hapo hataendelea. Rudia jina bila kuona haya, au baki kichwani mwa mhusika mmoja hadi tukio liishe. La sivyo, hamia nafsi ya kwanza, ambako ni- na a- vinajitenga vyenyewe. Hadithi zangu nyingi zenye marafiki wawili zimeishia huko kwa sababu hii tu.

Hatua ya 5: Msomee kijana wa umri huo kwa sauti

Simama kabla ya mwisho. Usiulize kama hadithi ni nzuri, maana atasema ni nzuri. Muulize: "Mwalimu afanye nini sasa?" Akianza kumtetea mmoja wao kwa nguvu, jicho limefanya kazi. Akikukatiza katikati na kuuliza "hapo anaongea nani?", pigia mstari sentensi hiyo na urudi hatua ya 4.