Kuomba uhadhiri wa hisabati ya viumbe Zanzibar: anza na pweza, mlinganyo baadaye

Ukisubiri tangazo la "mhadhiri wa hisabati ya baiolojia na ikolojia", utasubiri sana. Nafasi hutangazwa kwa jina la hisabati, takwimu, baiolojia au sayansi za bahari, nawe huna budi kuchagua mlango. Kipimo ni kimoja: somo gani la mwaka wa kwanza unaweza kulishika wiki ijayo? Kama ni kalkulasi na aljebra ya mstari, omba idara ya hisabati, kwa mfano Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Kama ni kukusanya sampuli na kutambua spishi, elekea kwenye baiolojia, au Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapa Unguja tangu 1978. Barua inayojinadi kote kuwili mara nyingi hukataliwa na wote.

Mambo ya vyeti yamalize mapema. Vyuo vya umma nchini mara nyingi hutaka GPA ya 3.8 kwa mkufunzi msaidizi mwenye shahada ya kwanza, na 4.0 ya uzamili kwa mhadhiri msaidizi. Shahada ya nje inahitaji kutambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Peleka maombi mara tu upatapo cheti, usingoje wiki ya tangazo.

Kinachoamua ni mpango wa utafiti, kurasa mbili au tatu. Hapa ndipo wengi huanguka: wanaandika modeli ya ugonjwa yenye makundi saba, wanakokotoa R0 (wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza), wanathibitisha uthabiti, kisha jedwali la vigezo limejaa neno "imekadiriwa". Mwanabaiolojia mmoja kwenye jopo akiuliza kadirio limetoka wapi, mazungumzo yamekwisha. Heshima ya fani hii iko kwenye takwimu zilizokusanywa, hata zikiwa chache.

Chukua pweza. Jamii kadhaa za Pemba, Kisiwa Panza ikiwemo, zimewahi kufunga miamba yao kwa muda ili pweza akue. Swali la hisabati lipo wazi: kufunga kwa miezi miwili au mitatu? Usikimbilie mlinganyo wa lojistiki na mavuno ya rK/4 kwa mwaka (r ni kasi ya kuongezeka, K ni idadi ambayo mwamba unaweza kubeba). Pweza wa miamba yetu, Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja hivi, na jike huatamia mayai mara moja tu kisha hufa. Hatua ya mwaka ni ndefu kuliko maisha yake. Tumia matriki ya madaraja ya uzito, yaani jedwali la pweza wangapi hutoka daraja moja la uzito kwenda jingine, kwa hatua ya mwezi au fupi zaidi. Usisahau siku ya kufungua: wavuvi humiminika kwa pamoja, na modeli yenye juhudi ya uvuvi isiyobadilika itakupa faida ambayo mwambani haipo.

Takwimu zipangwe kwa bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana, mwezi uwapo mwandamo au mpevu), zisipangwe kwa Januari na Februari. Bamvua huja kila siku 14.8 hivi, kwa hiyo mwezi wa kalenda hubeba mbili na mara mojamoja tatu. Ukijumlisha kwa mwezi utachora mapanda-shuka ambayo pweza hawana habari nayo. Kwa kila siku andika idadi ya wavuvi, saa walizokaa, wa miguu au wa kupiga mbizi, na uzito wa kila pweza peke yake. Kilo za tenga zima hazikuambii kasi ya ukuaji. Kabla ya yote hayo pata kibali cha utafiti, kisha nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na kamati ya wavuvi. Kwa fedha, taja ruzuku za utafiti za MASMA za WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao makao yao yako Zanzibar. Mpango usiotaja mfadhili huonekana ndoto.

Mhadhara wa majaribio ni dakika chache, na mfano bora uko nyumbani: mbung'o wa Unguja. Madume tasa yaliyozalishwa Tanga yaliangushwa kwa ndege kuanzia 1994, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Andika ubaoni N mpya = 2N × N/(N+S), ambapo N ni mbung'o wa porini wa kila jinsia, S ni madume tasa, na jike aliyepandwa na dume tasa hazai; weka S = 9,000 kila kizazi (namba za ubaoni tu, si za kampeni yenyewe). Anza na N = 1,000: kizazi cha pili 200, cha tatu 9, cha nne hakuna. Sasa anza na N = 10,000: unapata 10,526, wadudu wameongezeka! Hapo wanafunzi wanaona wenyewe kwa nini ng'ombe walipakwa dawa kwanza kupunguza mbung'o. Kisha ongeza majike 50 waliokwishapandwa wanaohamia kila kizazi, uwaulize kwa nini kazi hii iliwezekana kisiwani. Beba chaki na kikokotoo. Projekta ikigoma usipoteze dakika tano kuomba radhi.

Ukiulizwa kama una swali, uliza idadi ya vipindi kwa wiki, nani husahihisha mazoezi, na kama siku za bamvua utaruhusiwa kuwa ufukweni. Jibu la hilo la mwisho liombe kwa maandishi.