Kabla Kampuni Iliyokufungia Sola Haijafunga Milango

Paneli nzuri ya sola huuzwa na ahadi ya miaka 25. Sasa iulize kampuni inayokuja kukufungia imeanza lini. Ukijibiwa miaka mitatu au minne, hapana ubaya, sote huanza mahali. Lakini ujue kwamba mtambo ulio juu ya paa lako una kila nafasi ya kuishi zaidi ya kampuni yenyewe. Wakubwa pia huanguka. Mobisol ya Berlin, iliyokuwa na wateja Tanzania, Kenya na Rwanda, ilifilisika 2019 kisha ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Marekani, kampuni ya sola ya SunPower iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Agosti 2024, na Sunnova ikafuata Juni 2025. Kama hao walianguka, duka la vyumba viwili pale mjini halina kinga.

Hapa visiwani Zanzibar tuna sababu zetu za kupenda sola. Aliyekuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, hahitaji kushawishiwa. Waya mpya wa chini ya bahari uliwashwa 2013, na Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, lakini hamu ya mtu kuwa na umeme wake mwenyewe haijapungua. Ninachotaka kusema ni kwamba umeme huo huwa wako kweli pale tu unapoweza kuuendesha bila yule aliyekufungia. Na wakati wa kuyaweka sawa hayo ni wakati fundi bado yuko juu ya ngazi na malipo ya mwisho hujayatoa.

Anza na waranti, yaani dhamana ya kifaa au ya kazi, maana watu wengi huifikiri kuwa ni kitu kimoja kumbe ni nyingi. Paneli ina ya kwake kutoka kiwandani, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, ina ya kwake, ambayo mara nyingi ni miaka mitano hivi, na betri nayo ina yake. Hizo zimetolewa na mtengenezaji, na kampuni ya hapa ikifa hazifi nayo, ila utahitaji ushahidi wa ununuzi na namba ya kifaa. Waranti ya kazi ya kufunga ndiyo inayokwenda na kampuni: paa linalovuja, waya uliobanwa vibaya, bolti iliyolegea. Kwa hiyo taka risiti inayotaja kila kifaa kwa jina, modeli na namba yake. Risiti iliyoandikwa “sola kamili” na jumla ya fedha haikusaidii kitu mbele ya mtengenezaji. Uliza pia nani hasa ni wakala wake Dar es Salaam au Nairobi, na kama waranti inafanya kazi kwa mzigo ulioingizwa kupitia Dubai, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huibana waranti yao kwa nchi maalumu.

Zile karatasi zenye namba zilizobandikwa nyuma ya paneli na ubavuni mwa betri, zipige picha siku ile ile kabla paneli hazijapanda. Zikishafungwa juu ya mabati huzifikii tena bila kufungua, na hewa yetu ya chumvi na unyevu hufuta maandishi upesi. Zitume picha hizo kwa mtu mwingine wa nyumbani pia, zisibaki kwenye simu moja.

Jambo linalowakamata wengi ni neno la siri. Inveta za kisasa huunganishwa na waifai, na mwenye nyumba huangalia kwenye simu jua linatoa kiasi gani na betri imebaki asilimia ngapi. Mara nyingi fundi hufungua akaunti kwa barua pepe ya kampuni, kisha humpa mteja ruhusa ya kutazama tu. Siku kampuni ikiyumba, unaona takwimu lakini huwezi kubadili lolote, na fundi mwengine utakayemwita hawezi kuingia. Dai akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, wewe uwe mmiliki na kampuni iwe mgeni uliyemkaribisha. Dai pia neno la siri la kuingilia mipangilio kwenye kioo cha inveta yenyewe. Fundi akisema hilo ni la mafundi pekee, mwambie aliandike kwenye bahasha na aifunge, utaifungua siku ya haja. Hakuna sababu ya haki ya kulinyima.

Ukishalipata, mkae naye mbele ya kioo, apitie kurasa moja baada ya nyengine nawe upige picha kila ukurasa: aina ya betri, volti za kuchajia, kiwango cha chini ambacho betri hukatwa, na kipi kinatangulia kati ya jua, betri na gridi. Ni robo saa tu. Inveta iliyopoteza kumbukumbu na kurudi kwenye mpangilio wa betri za risasi, zile za aina ya gari, huichaji betri ya lithiamu kwa volti zisizo zake, na betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Ukiwa na picha, fundi yeyote mwenye akili atairejesha. Kama una mita ya Tukuza, ile ya kulipia umeme kabla, muulize hasa kuhusu umeme wa ziada: usirudishwe kwenye laini ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, bila makubaliano nalo, kwani baadhi ya mita za malipo ya kabla huuhesabu umeme unaorudi kama umeme uliotumia. Mpangilio huo nao upigwe picha.

Taka mchoro. Ukurasa mmoja unatosha, hata wa kalamu: paneli ngapi zimeungwa mfululizo, waya unapita wapi ukutani, swichi za kukatia ziko wapi, waya wa ardhi umechimbiwa upande gani.

Kwa walio karibu na pwani, Jambiani, Nungwi, Micheweni, kagua vyuma kabla ya kulipa. Bolti ya chuma cha kawaida iliyofungwa kwenye reli ya alumini inayoshika paneli hutoa kutu kwa haraka, na kutu hiyo huanza kuila alumini penyewe ilipogusana. Sisitiza bolti za stenlesi. Kosa hili halionekani siku ya kwanza, na likija kuonekana huenda aliyefunga hayupo tena.

Kuhusu fedha, lipa kwa vipande: sehemu vifaa vikifika kwako, sehemu vikifungwa, na ya mwisho baada ya mtambo kukaa siku kadhaa ukifanya kazi na makabidhiano kukamilika. Aliyelipa zote kabla mzigo haujafika bandarini husimama nyuma ya foleni kampuni ikifilisika, kwani wadai wenye dhamana hutangulia. Angalia pia kama kampuni imesajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar. Jina la kwenye risiti liwe ndilo lililosajiliwa.

Wanaolipa kidogo kidogo kwa simu, kwa mtambo unaofunguliwa kwa namba za siri unazotumiwa kila ukilipa, waulize mapema: kampuni ikifungwa, nani atatoa namba hizo? Jibu liwe kwenye mkataba. Na mjue kuwa deni halifi. Hununuliwa na mwengine. Akikupigia mtu akitaka ulipie namba mpya, usitume kitu mpaka uone barua rasmi ya uhamisho.

Mtafute fundi wa pili wakati huna shida. Kwa mitambo midogo ya vijijini, wapo kina mama waliofundishwa ufundi wa sola kwenye kituo cha Barefoot College, Kinyasini. Kwa mtambo mkubwa, tafuta mtu anayeijua inveta ya aina yako. Wa Pemba mkubaliane mapema nani hulipa nauli ya boti na malazi ikiwa fundi atatoka Unguja.

Siku habari ikifika kwamba ofisi imefungwa, mtambo unaofanya kazi uache ufanye kazi. Andika madai yako, ambatisha risiti, umpelekee mfilisi kama ameteuliwa, na nakala uipeleke Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Usipande paani. Paneli nane za kisasa zikiungwa mfululizo hufika volti 300 hadi 400, na jua likiwaka hazizimiki. Kuchomoa kiungio chake kikiwa kinapitisha umeme huzusha cheche inayounguza. Penye hitilafu, zima kwanza upande wa nyumba, kisha swichi ya paneli, kisha ya betri, halafu mwite yule fundi wa pili. Mpango huo ubandikwe karibu na inveta, na waufahamu wote wanaoshinda nyumbani mchana.