Kisiwa Kidogo, Siku Nne: Panga Safari Ukianzia Mwisho

Nimewaongoza wageni kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa kwa miaka kadhaa, na kosa ninaloliona mara nyingi haliko majini, liko kwenye ratiba. Mtu anafika, siku mbili anajilaza ufukweni, ya tatu anazunguka kisiwa, halafu mbizi anaiwekea asubuhi ya siku ya kuondoka. Ndiyo maana tunaanza kinyumenyume.

Hatua ya 1: Andika saa ya ndege ya kurudi

Ukizama mara moja tu kwa mtungi, kaa angalau saa 12 kabla ya kuruka. Ukizama mara kadhaa au siku mfululizo, saa 18. Mimi huwaambia wageni 24 na sibishani nao. Chini ya mgandamizo wa maji, naitrojeni unayoivuta huyeyuka mwilini, na hutoka polepole. Ukiwahi kupanda juu, ambako hewa ni nyepesi, inaweza kugeuka mapovu kwenye damu na viungo. Mlima wa kisiwani nao umo kwenye hesabu hii: ukizidi mita 300 hivi, usiupande jioni ya siku uliyozama. Wengi husahau, kwa vile mlima haukatiwi tiketi.

Kwa siku nne basi: mbizi siku ya kwanza na ya pili, nchi kavu siku zinazobaki.

Hatua ya 2: Tazama mwezi

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mikondo kwenye milango ya mwamba hukaza. Mara nyingi maji huchafuka pia. Kama wewe ni mgeni wa mbizi, lenga siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kuna visiwa ambavyo maji hayapandi hata nusu mita. Huko angalia upepo tu.

Hatua ya 3: Jaribu vifaa kwenye maji ya kina kifupi

Miwani iweke usoni bila kamba, vuta pumzi kwa pua. Ikishika, inakufaa. Mapezi ya miguuni yasibane vidole. Ukiwa na mafua, ahirisha; hakuna dawa ya kuzibua pua ninayoiamini ukiwa chini.

Hatua ya 4: Zama

Asiye na cheti huenda na mwalimu, kina kisichozidi mita 12. Cheti cha kwanza kwa kawaida hukufikisha 18. Kwenye mita 10 tu, mgandamizo tayari ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo masikio ndiyo kazi ya mwanzo: bana pua, puliza taratibu, na ufanye hivyo *kabla* hayajauma. Yakigoma, panda kidogo, jaribu tena. Usilazimishe.

Usizuie pumzi kamwe. Hewa iliyo mapafuni hutanuka unapopanda, na inaweza kuyapasua. Panda pole, usizidi mita 9 kwa dakika, kisha simama mita 5 kwa dakika tatu. Mtungi ukianza na ba 200 (ba ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), mimi nataka mgeni awe juu na 50 zimebaki.

Mikono ikunje kifuani. Matumbawe ni wanyama hai, na pezi moja likipiga vibaya huvunja kilichoota kwa miaka mingi. Kasa akipita, tulia. Ukimfukuza utaona mgongo wake tu.

Hatua ya 5: Ufukwe na matembezi

Kuogelea, maji yakijaa. Kutembea kwenye mwamba, yakipwa, kwa viatu, ukikanyaga mchanga tu. Saa ya kupwa huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo usitumie saa ya jana. Mkondo ukikuvuta nje, usipigane nao: ogelea sambamba na ufukwe mpaka uachie, ndipo urudi.

Juani vaa fulana ya mikono mirefu. Palau na Hawaii zimepiga marufuku kuuza mafuta ya jua yenye oksibenzoni, kemikali ya kuzuia miale ya jua, ili kulinda matumbawe, na fulana haiyeyuki majini.

Vifaa suuza kwa maji yasiyo na chumvi, anika kivulini. Vikikauka, na saa zako zikitimia, kapande ule mlima.