Kuzuia mnanaa usimeze bustani ya baridi

Mnanaa ukifa juu wakati wa theluji, usiung'oe. Majani hukauka, lakini mashina yaliyolala chini ya udongo yako hai, na ardhi ikipata joto yatachipua. Mwaka wangu wa kwanza niliupanda wazi kando ya vitunguu. Kufikia kiangazi cha pili ulikuwa umetokeza upande wa pili wa njia, na nilichimbua kamba nyeupe ndefu kuliko mkono wangu. Kila kipande kilichokatika kikabaki ardhini kilichipua.

Sasa naupanda ndani ya ndoo kubwa ya plastiki, kitako nimekikata kwa msumeno ili maji yapite. Ifukie sentimita 30 au zaidi, ukiacha ukingo wa sentimita 5 juu ya udongo. Ukingo huo ndio muhimu: mnanaa hutambaa juu pia, kwa hiyo nakagua kila wiki na kukata kinachovuka.

Panda mwanzoni mwa majira ya joto, mizizi ishike kabla ya baridi. Matandazo ya majani makavu naweka ardhi ikishaganda, si kabla. Kazi yake ni kuzuia udongo usigande na kuyeyuka mara kwa mara, maana hapo ndipo mizizi husukumwa juu na kukauka.

Kila baada ya miaka 3 chimbua kichaka chote cha mnanaa, rudisha vipande vichanga vya pembeni, kile cha katikati kilichochoka ukitupe. Usikitie kwenye mboji kikiwa kibichi. Kianike juani kwanza hadi kivunjike mkononi.