Kuzalisha Kambare wa Koridora na Kulea Vifaranga Wao Nyumbani

Kwa anayeanza namshauri achague Corydoras paleatus, kambare mdogo mwenye madoadoa atokaye katika mito ya Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili. Huyu ni samaki wa maji ya ubaridi, nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi, kwa hiyo mkazi wa Nairobi au Arusha humfuga bila taabu, ilhali aliyeko Mombasa au Dar es Salaam afadhali amchukue Corydoras aeneus, anayestahimili joto zaidi.

Weka samaki sita au zaidi, madume wawili kwa kila jike. Watazame kutoka juu: jike ni mkubwa zaidi, na tumbo lake limetanuka pande zote mbili. Chini tandaza mchanga laini, kwani kokoto zenye ncha hukwaruza sharubu zao. Kwa muda wa wiki mbili walishe vizuri, kwa viluwiluwi vya mbu na minyoo hai au iliyogandishwa. Inasikitisha kwamba samaki hawa huuzwa kama wafagizi wa tangi, wakaachwa waishi kwa makombo. Jike aliyefugwa hivyo hawezi kujaza mayai.

Jike akishanenepa, muigizie mvua. Badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yaliyopoa nyuzi 3 hadi 5 chini ya yale ya tangi, ambayo yamekaa wazi ndooni siku nzima ili klorini iondoke. Fanya hivyo jioni, ukirudia siku mbili tatu mfululizo, na ikiwa nje wingu la mvua ya kweli limetanda, usiiache nafasi hiyo ipite. Mara nyingi asubuhi utawakuta madume wakimfukuza jike, kisha jike akibana mdomo wake ubavuni mwa dume, huku mayai machache yakishikwa katikati ya mapezi yake ya tumbo, naye huenda kuyabandika kwenye kioo au kwenye majani.

Wazazi huyala mayai yao, kwa hiyo yaondoe siku hiyohiyo. Yaache palepale majini saa moja au mbili gamba likaze, kisha yabandue taratibu kwa kidole au kwa kadi chakavu ya plastiki. Yaweke katika chombo chenye lita mbili tatu za maji ya tangi lilelile, pamoja na jiwe la hewa linalotoa mapovu polepole, na ukiweza, jani kavu la mti wa mkungu lililosuuzwa, ambalo husaidia kuzuia ukungu. Kila siku toa mayai yaliyogeuka meupe, kwa sababu ukungu wake huenea hadi kwenye mazima. Mengine yataanguliwa baada ya siku 3 hadi 6, kutegemea joto.

Vifaranga huishi kwa kiini cha yai walichobaki nacho tumboni siku mbili za mwanzo, na chakula chochote utakachowatupia wakati huo kitaoza tu. Baada ya hapo wape artemia (vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi) walioanguliwa karibuni, kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku.

Wafugaji wengi hupoteza vifaranga hapa, wakidhani ni ugonjwa, kumbe ni utando wa uchafu uliotanda sakafuni, mahali ambapo vifaranga hulala na tumbo lote. Kila siku, bila kuruka hata moja, nyonya mabaki kwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa ukimimina kwenye bakuli jeupe, ili kifaranga akivutwa umwone na kumrudisha. Jaza pengo kwa maji ya tangi la wazazi yenye joto lilelile. Kichujio kiwe cha sponji, kwani kile chenye nguvu huwameza. Mimi hupenda pia kutandaza mchanga mwembamba kuliko kuacha kioo kitupu, maana vifaranga hutulia juu yake.

Wakifikia urefu wa sentimita 2 hivi, warudishe kwa wazazi, ambao kwa ukubwa huo hawawadhuru tena.